Isansa: Bibi wa kahawa na somo la kukausha gari

Mbozi. Mwezi Julai, asubuhi ya Isansa huanza na baridi inayowafanya watoto wajikunyate jikoni karibu na moto. Kufikia saa nne jua huwa limeshapanda, na katika nyumba nyingi za kata hii ya Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kazi ya kwanza ni kufunua vichanja vya kahawa. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa hutandazwa juu ya wavu, kisha mikono huanza kuigeuza taratibu.

Katika moja ya nyumba hizo, Jumamosi, bibi yuko kwenye kichanja chake. Hatua chache kutoka hapo, mjukuu wake wa kidato cha pili anamalizia kuosha Noah nyeusi ya baba yake. Gari limerudi usiku likiwa na vumbi jekundu mpaka juu ya paa. Maji yamemwagwa, sabuni imetoka, sasa kijana anachukua tambara na kuanza kulisugua boneti kwa nguvu ili ling'ae kabla baba hajaamka.

“Hilo tambara umelitoa wapi?” bibi anauliza.

“Lilikuwa kwenye buti, bibi.”

“Si nimeliona likianguka chini sasa hivi?”

“Nimelikung’uta.”

Bibi anacheka. “Mjukuu wangu, kahawa ikidondoka kwenye vumbi, huwa unaikung’uta na kuirudisha kwenye kichanja?”

Kijana hana jibu. Anajua kahawa iliyoanguka chini huwekwa pembeni, kwa kuwa punje chache chafu zinaweza kuiharibia sifa kahawa nzima. Hajawahi kufikiri kwamba gari nalo lina sheria kama hiyo.

Gari la kahawa

Kwa familia nyingi za Mbozi, gari hununuliwa kwa fedha za kahawa. Kahawa ya arabika ni zao kubwa la biashara wilayani humo, na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ina kituo chake Mbimba, hapo hapo Mbozi. Fedha za msimu hulipa ada, huezeka nyumba, na mwenye bahati hununua pikipiki au gari lililotumika.

Gari hilo halikai kwa starehe. Asubuhi hubeba abiria, mchana hubeba magunia, na usiku jirani akishikwa na uchungu wa kujifungua, mlango unaogongwa kwanza ni wa mwenye gari. Tanzania ina mfumo wa m-mama ambao, kwa simu ya bure namba 115, huwatafutia usafiri wajawazito, wazazi na watoto wachanga wenye dharura, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani hutumia madereva wa jamii. Kwa maneno mengine, gari la mtaani ni sehemu ya afya ya mtaa.

Ndiyo maana suala la kulikausha gari baada ya kuliosha si la urembo peke yake. Baba wa kijana huyu alilijua hilo kwa maumivu. Alipolipeleka Noah yake kwa mnunuzi Tunduma, akitaka kuongeza fedha apate kubwa zaidi, mnunuzi alilizunguka mara moja tu juani. Rangi ilikuwa na mikwaruzo midogo iliyozunguka kama utando wa buibui, kioo cha mbele kilikuwa na michirizi, na taa zilikuwa na ukungu. Bei ikashushwa, baba akarudi nalo Isansa.

Hakuna aliyeligonga gari hilo. Liliharibiwa kidogo kidogo, Jumamosi baada ya Jumamosi, na watu waliokuwa wakilisafisha.

Adui ni vumbi lililobaki

Nyanda za Juu Kusini Magharibi hupata mvua kuanzia takriban Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka, na msimu wa kuvuna kahawa huangukia katika miezi ya vumbi. Wekundu wa udongo hutokana na madini ya chuma yaliyochanganyika na hewa ya oksijeni, lakini ndani ya vumbi hilo kuna pia chembe za mchanga aina ya kwatzi. Chembe hizo ni ngumu kuliko kioo cha kawaida, na kitu kinachoweza kukwaruza kioo hakiwezi kuionea huruma rangi ya gari.

Rangi ya magari mengi ya kisasa ina matabaka. Chini kuna tabaka linaloshikana na bati na kulikinga na kutu, juu yake kuna rangi yenyewe, kisha kuna tabaka la mwisho lisilo na rangi linalong'aa kama kioo. Mafundi wengi huliita klia. Tabaka hilo kwa kawaida huwa na unene wa takriban maikroni 40 hadi 50, wakati unywele mmoja wa binadamu huwa na kama maikroni 70. Gari zima linang'aa kwa sababu ya ngozi nyembamba kuliko unywele.

Tambara lenye vumbi likipitishwa juu ya ngozi hiyo, hugeuka kuwa msasa laini. Mkono ukizunguka, nao mkwaruzo unazunguka. Siku ya kwanza hauonekani, lakini baada ya mwaka, jua likilipiga gari jeusi, kila kitu huonekana.

Mikwaruzo hiyo midogo haileti kutu papo hapo. Inachofanya ni kuondoa mng'ao na kulipunguza tabaka la kinga. Kutu huja pale mkwaruzo unapofika kwenye bati, au maji yanapotuama kwenye mikunjo ya milango na chini ya mazulia bila mtu kuyatoa.

Watoto wa Mbozi wana mfano mzuri wa kuelewa jambo hili. Wengi wao hupelekwa na shule zao kijiji cha Ndolezi kukitazama Kimondo cha Mbozi. Kimondo hicho kina chuma kwa takriban asilimia 90, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli, madini yanayosaidia kupunguza kasi ya kutu. Kimekaa mvuani na juani miaka mingi na bado ni pande kubwa la chuma. Bati la mlango wa gari halina bahati hiyo, kwani unene wake kwa kawaida haufiki hata milimita moja. Kinga yake kubwa ni rangi.

Kivuli kwanza

Baada ya maneno ya bibi, kijana anaacha kusugua. Baba ameamka, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, naye anasikiliza.

“Baba, kwani bibi anajua magari?” mtoto wa kike wa darasa la nne anauliza.

“Bibi anajua kukausha,” baba anajibu.

Na kweli anajua. Jua la saa saba linapowaka, bibi huifunika kahawa, kwa sababu ikikaushwa kwa pupa ganda lake hupasuka. Huigeuza mara kwa mara bila kuiponda, kwa sababu inatakiwa ikauke sawasawa mpaka unyevu ubaki kama asilimia 11 au 12. Haiweki chini. Kila hatua ya kazi hiyo ina ndugu yake kwenye gari.

Hatua ya kwanza ni kivuli. Gari lililosimama juani, au lililotoka safari sasa hivi, lina bodi ya moto. Maji hukauka kabla ya kufutwa, na madini yaliyomo kwenye maji, hasa ya kisima, hubaki yamechora duara nyeupe. Duara hizo zikiachwa siku nyingi hushika na kuwa ngumu kutoa, na anayezikwangua kwa nguvu huongeza mikwaruzo. Kipimo ni rahisi: gusa boneti kwa mgongo wa kiganja. Likiwa la moto, subiri. Lisogeze chini ya mti au upande wa nyumba wenye kivuli, mapema asubuhi au jioni. Tahadhari tu na mti unaodondosha utomvu au wenye ndege wengi.

Hatua ya pili ni kusuuza mpaka vumbi na sabuni viishe. Anza juu ya paa, shuka kwenye vioo, boneti, milango, malizia chini na magurudumu. Mwishoni, mimina maji taratibu kwa jagi, au kwa mpira usiobanwa mdomo, yateremke kama shuka moja. Maji yanayotiririka kwa pamoja huvuta matone mengi na kuyashusha nayo, hivyo tambara hubaki na kazi ndogo. Pale ambapo maji hubebwa kichwani, jagi mbili za mwisho zilizomwagwa vizuri huokoa kazi ya tambara zima.

Wakati wa msimu wa kahawa, angalia pia majimaji ya kahawa mbivu yanayovuja kwenye magunia. Yana utelezi na yakichacha huwa na asidi. Yasuuze siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi.

Tambara la kugusisha

Hatua ya tatu ndiyo penye makosa mengi. Kitambaa bora ni taulo la maikrofaiba, lenye manyoya laini yanayonyonya maji na kuinua vumbi dogo kutoka juu ya rangi. Nyumba isiyokuwa nalo inaweza kutumia taulo laini la pamba lililochakaa au fulana ya pamba isiyo na zipu, vifungo wala maandishi magumu ya plastiki. Visivyofaa ni suruali ya jinzi, gunia, dekio, sponji ya kusugulia sufuria na hata gazeti. Gazeti lisomwe, lisifutie rangi ya gari.

Ukishapata kitambaa, usisugue. Kitandaze juu ya sehemu yenye maji, kiache kinyonye, kisha kiinue au kivute kidogo kwa uzito wake chenyewe. Kikilowa, kikamue mbali na gari. Panapohitaji kupitishwa mkono, upitishwe kwa mstari ulionyooka na bila kukandamiza, usizungushwe. Anza tena na paa na kushuka. Sehemu za chini ya milango, bampa na magurudumu ziwe na kitambaa chao, kisichopanda juu kamwe.

Kitambaa kikianguka chini, kazi yake kwa siku hiyo imekwisha mpaka kifuliwe. Hiyo ndiyo sheria ya bibi, na ndiyo sheria ya watu wanaojali rangi ya gari popote duniani.

Lipo kosa jingine ambalo halihusiani na maji kabisa, nalo ni kupiga vumbi. Dereva anaamka, anakuta gari lina vumbi la jana, anachukua tambara kavu na kulifuta ili abiria waone gari safi. Kwa dakika tano hizo hufanya uharibifu kuliko kuosha kwa mwezi mzima, maana hakuna maji ya kulainisha wala kuondoa chembe. Kama maji ni ya shida, ni afadhali gari libaki na vumbi mpaka siku ya kuoshwa, ila vioo na taa vimwagiwe maji kidogo na kufutwa.

Vioo na taa ndivyo vinavyomhusu zaidi mgonjwa wa usiku. Taa za magari mengi ya sasa zimefunikwa kwa plastiki, si kioo. Jua huichakaza, na kusugua kwa vumbi huiongezea ukungu. Kioo cha mbele chenye michirizi nacho, kikikutana na taa za lori linalokuja, hutawanya mwanga na dereva huona weupe mtupu kwa muda. Kwenye barabara yenye watembea kwa miguu na pikipiki, muda huo ni mrefu.

Somo kutoka barabara kuu

Gari la Isansa likienda kwenye biashara, mara nyingi huishia Tunduma, mji wa mpakani unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Ndipo inapoishia barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwa upande wa Tanzania, na malori yaendayo Zambia na Kongo hupita hapo, kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019. Penye malori hapakosi vijana wa kuosha magari, na baba wa Noah hii huwapa kazi mara kwa mara.

Mashine ya presha husaidia kutoa tope, na hilo ni jema. Tatizo huwa mwishoni, pale tambara lililofuta lori la kwanza linapofuta na gari la tatu, huku likichovywa kwenye ndoo ile ile ya maji ya kahawia. Kijana anayeosha hana ubaya. Analipwa kwa gari, na foleni ipo.

Mwenye gari anaweza kubeba taulo zake mbili ndani ya mfuko safi na kusema kwa heshima: “Kaka, naomba ukaushe kwa hizi.” Hakuna anayekasirika. Na baada ya kuoshwa asiondoke mbio gari likiwa linadondosha maji, akidhani upepo utalikausha. Kwenye njia ya vumbi, upepo huo hulipaka gari lenye maji tope jembamba upya.

Kabla ya safari, milango yote ifunguliwe, na buti pia. Futa maji kwenye kingo za milango, kwenye mfuniko wa tangi la mafuta na nyuma ya vioo vya pembeni. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, na vikizibwa na tope, mlango huoza kuanzia ndani. Zulia lililolowa litolewe na kuanikwa. Mwisho, gari likianza kutembea, dereva akanyage breki taratibu mara chache akiwa kwenye mwendo mdogo na mahali salama, ili maji yaliyobaki kwenye breki yakauke kabla ya kukutana na mteremko.

Mtoto na ndoo

Katika familia nyingi kazi ya kuosha gari ni ya watoto, na si vibaya. Ila mzazi, kabla hujampa mtoto ndoo, hakikisha gari limesimama mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Injini na bomba la moshi la pikipiki vipoe kwanza, kwa kuwa miguu ya watoto huungua hapo.

Sabuni kali na dawa za kutoa madoa zisiwekwe kwenye chupa za soda au za maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi harufu, hunywa kwanza. Mwenye mikono inayopasuka au kuwasha avae glavu au apewe kazi nyingine. Matambara ya gari, yenye mafuta na vumbi la breki, yasichanganywe na ya jikoni wala nguo za mtoto mchanga.

Na gari lisipelekwe mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji, shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoweza kuviharibu. Mafuta na sabuni vinavyooshwa juu, kuna mama anayeviteka chini. Maji yachotwe na kubebwa, gari lioshwe mbali, na maji machafu yasiachwe yakatuama kwenye mashimo ya magurudumu, maana mbu wa malaria hupenda madimbwi madogo ya namna hiyo.

Saa saba

Jua la Isansa sasa limesimama utosini. Kijana ameenda kuchukua fulana mbili kuukuu za baba yake. Amezisuuza, amezikamua, na dada yake amepewa kazi ya kuwa mwamuzi: fulana ikigusa chini, anapiga kelele.

Baba amelisogeza Noah kwenye kivuli cha nyumba na kulimwagia tena maji, taratibu, kutoka juu. Kijana anatandaza fulana juu ya boneti na kuiacha. Anaiinua. Chini yake hakuna tone, na hakuna aliyesugua chochote.

Mikwaruzo ya zamani bado ipo. Fundi anaweza kuipunguza kwa kupiga polishi, ingawa polishi nayo hula kidogo tabaka lile lile jembamba, kwa hiyo si dawa ya kila mwezi. Familia imekubaliana kutoliuza gari mwaka huu. Kwanza wasiongeze mkwaruzo mwingine.

“Bibi, limekauka,” kijana anaita.

Bibi hajageuka. Anavuta turubai juu ya kahawa yake, pembe moja baada ya nyingine, kabla jua halijaipasua.

“Haya,” anasema, “hizo fulana zifue, uzianike. Na zisiguse chini.”